Sauti Huanzia kwenye Spika: Gitaa la Umeme, Raki na Stima ya Bonde la Ufa



Nimeombwa nieleze jinsi wapiga gitaa wa roki wanavyopanga amplifaya na mitambo ya raki hadi kuipata sauti wanayoitafuta. Hapa Nakuru swali hilo hunijia kwa sura moja: "Mwalimu, ninunue pedali gani?" Jibu langu limewakatisha tamaa wengi, nami sijalibadilisha. Anza na spika. Ijue spika itakayotoa sauti yako mbele ya watu, ndipo urudi nyuma hatua kwa hatua: amplifaya, mitambo ya mwangwi, pedali, waya, gitaa. Anayeanzia kwenye pedali na kutumaini kwamba spika ataikuta huko huko ukumbini ameiacha nusu ya sauti yake mikononi mwa mtu asiyemjua.

Spika ya gitaa ya inchi 12, ile iliyomo ndani ya amplifaya ya Fender au Marshall, haitoi kila kitu. Ikifika karibu hezi 5,000, yaani mitikisiko 5,000 kwa sekunde, inaanza kuishiwa nguvu, na juu zaidi ya hapo haisikiki sana. Upungufu huo ndio uzuri wake. Mkwaruzo wa roki hutokea saketi inapoelemewa mpaka ikakata vilele vya mawimbi ya sauti, na vilele vikikatwa huzaliwa sauti nyingine nyingi za juu ambazo hazikuwako kwenye nyuzi. Spika ya gitaa huzichuja. Spika za ukumbini na kanisani, zenye pembe za trebo, zimeundwa kufika hezi 15,000 na zaidi, kwa hiyo hazichuji kitu. Chomeka pedali ya distoshoni moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, utasikia nyigu ndani ya mkebe. Kijana aliyeweka akiba mwaka mzima, kisha akawasikia nyigu hao Jumapili mbele ya waumini, huja kwangu akidhani ameuziwa bandia. Pedali yake ni nzima. Hakuna kitu kilichosimama kati yake na masikio ya watu ili kuyachuja yale makali.

Historia ya roki yenyewe inaanzia hapo. Mwaka 1962, katika duka la ngoma la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven waliiga amplifaya ya Kimarekani, Fender Bassman. Saketi waliifuata karibu yote. Lakini transfoma zilikuwa za Kiingereza, na spika vilevile: Bassman ilikuwa na Jensen nne za inchi 10 katika kasha lililo wazi nyuma, wao wakaishia kwenye Celestion nne za inchi 12 katika kasha lililofungwa. Sauti iliyotoka haikuwa tena ya Bassman. Miaka michache baadaye Jimi Hendrix akaisimamisha nyuma yake jukwaani, na hadi leo mtu akitaja sauti ya roki ndiyo hiyo inayomjia. Mafundi wale walitumia vilivyopatikana karibu nao, wakasikiliza, wakarekebisha.

Nawaomba mlitie hilo moyoni, maana maseremala tunao. Kasha la plaiwudi ya milimita 18, lililogundishwa vizuri na kufungwa skrubu kila upande, linaweza kutengenezwa hapa mjini na mtu anayetengeneza kabati za jikoni. Likiwa wazi nyuma, sauti itatawanyika chumbani na besi itapungua. Likifungwa, besi itakaza na sauti itatupwa mbele. Kinachotaka uangalifu ni omu. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na zikiungwa kwa mfuatano zinakuwa 16. Swichi iliyo nyuma ya amplifaya ilingane na hesabu hiyo. Na amplifaya ya valvu isiwashwe na kupigwa kamwe bila spika kuunganishwa, kwa sababu nguvu isiyo na pa kwenda huirudia transfoma ya mwisho na kuiunguza. Hiyo ni miongoni mwa sehemu za bei ghali zaidi ndani ya sanduku lile.

Kuna atakayeniuliza: mbona mpiga mugithi hana hata amplifaya? Anaingia baa ya Nakuru jioni akiwa peke yake, gitaa moja, maikrofoni moja, ngoma za mashine, anachomeka kwenye miksa, na watu wanacheza mpaka alfajiri. Mimi namhesabu mtu huyo miongoni mwa wajenzi stadi wa sauti tulio nao. Kidole gumba chake kinabeba besi, vidole vingine vinabeba rizimu na solo, kwa hiyo anahitaji spika inayotoa kila kitu, chini hadi juu, na sauti safi isiyokwaruza. Miksa inampa hivyo hasa. Ameijua spika yake kwanza, halafu akachagua namna ya kupiga.

Wazee wa benga walifanya vivyo hivyo, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa vijana wa roki wa leo huwaruka wazee hao na kwenda moja kwa moja California.

Gitaa liliwafikia watu wa upande huu kwanza kupitia gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba, kwa kinanda chao cha nyuzi, juu ya Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimezunguka hadi vilima vya chai. Fikirini sauti waliyoisikia: gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, haina besi ya maana, iliyobaki ni katikati na juu. Gitaa lililowavutia lilikuwa tayari limechujwa na pembe ya gramafoni.

Miaka ilipita, magitaa ya umeme yakaja, na katika miaka ya 1970 na 1980 duka la Chandarana mjini Kericho, lililokuwa na studio yake, likawa mahali bendi za Waluo, Wakisii na Wakalenjin zilikokwenda kurekodi santuri za benga. Wapenzi wa muziki wa Kikalenjin wanamkumbuka pia Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Tafuta rekodi yoyote ya enzi hizo usikilize gitaa la solo peke yake. Pikapu ni ya nyuma, karibu na daraja la nyuzi. Trebo imefunguliwa. Mkwaruzo haupo, au ni kidogo sana. Noti ni fupi, zinadondoka moja moja kwa kasi, zikifuata desturi ya nyatiti. Chini yake besi haikai kimya kama ya bendi nyingi za roki. Inazungumza, inajibu, wakati mwingine inataka kuongoza. Rizimu imekaa katikati. Sasa wimbo unapofika ile sehemu ya mwisho, waimbaji wananyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja, kila moja lina ghorofa yake na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Hiyo haikutokea kwa bahati. Nasadiki kwamba wapigaji wale walijua santuri yao ingesikika wapi: kwenye redio ya betri juu ya meza, kwenye spika ndogo ya hoteli, kwenye pembe iliyofungwa juu ya duka. Solo nene yenye besi nyingi ingezama humo. Wao wakakata kila kisichohitajika, wakabakiza kile ambacho spika ndogo ingeweza kukitoa.

Sasa raki. Raki ni fremu ya chuma yenye upana wa inchi 19, na kila mtambo unaoingia humo hupimwa kimo chake kwa vipande vya inchi 1.75. Fremu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Ni ya simu, redio na studio. Iliingia kwenye gitaa la roki kwa nguvu katika miaka ya 1980, hasa Los Angeles, na sababu yake ilikuwa shida ya kweli. Mpigaji alikuwa na pedali nyingi zilizofuatana sakafuni. Kila waya hula trebo kidogo, pedali nyingi huongeza kelele zake hata zikiwa zimezimwa, na kubadilisha sauti katikati ya wimbo kulihitaji kukanyaga vitu vitatu kwa mguu mmoja. Bob Bradshaw alijipatia jina kwa kujenga mifumo ya swichi inayoweka kila mtambo katika njia yake ya pembeni: usipouhitaji, sauti haipiti ndani yake hata kidogo. Mitambo ikakaa nyuma ya jukwaa, na mbele ya mpigaji kukabaki ubao mmoja wa vibonyezo. Steve Lukather na Eddie Van Halen ni miongoni mwa waliomwendea.

Mpango wa raki ninaoupenda kuliko yote ni ule wa makasha matatu. Katikati unasimamisha amplifaya yako kavu, na mkwaruzo wake, bila mwangwi wowote. Kwenye njia inayokwenda kwa spika unachota sehemu ndogo ya sauti iliyokwisha kupikwa, unaishusha nguvu, unaipeleka kwenye mashine za dilei, korasi na riveba ndani ya raki. Zinakotoka, sauti inaingia kwenye amplifaya nyingine safi ya stirio na kusambaa kwenye makasha mawili ya pembeni. Makasha hayo hayatoi gitaa lenyewe, yanatoa mwangwi wake tu. Faida yake utaisikia mara moja. Dilei ikiwekwa kabla ya mkwaruzo, kila mrudio unakwaruzwa pamoja na noti mpya na vyote vinakuwa uji. Ikiwekwa baada ya mkwaruzo, noti inabaki imesimama na mirudio inaizunguka. Na fundi wa ukumbi akiona mwangwi umezidi anapunguza makasha ya pembeni, gitaa lako linabaki pale pale.

Hesabu ya dilei ni rahisi. Gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kwa kila mpigo. Chukua robo tatu yake, milisekunde 375, na utapata ule mrudio unaoruka katikati ya mapigo ambao The Edge wa U2 aliufanya kuwa sahihi yake, akitumia Korg SDD-3000 na amplifaya ya Vox AC30. Lakini angalia kinachotokea ukiupigia msemo wa benga. Mrudio unaingia mahali ambapo gitaa la pili lingekuwa linapiga. Bendi za rumba za Kongo zilikuwa na mtu wa kazi hiyo: mpigaji wa mi-solo, anayekaa kati ya rizimu na solo, akijaza mianya kwa vidole vyake. Hata bila mi-solo, msikilize Omar Shabani anavyoisuka rizimu chini ya solo ya John Ngereza katika nyimbo za Les Wanyika. Hakuna mashine inayowasaidia kufumana vile. Kwa hiyo bendi yenye magitaa mawili ya kufumana ipunguze dilei, na yenye gitaa moja iiongeze. Mashine ile inakuja kuketi kwenye kiti cha mtu, na lazima uangalie kwanza kama kiti kina mwenyewe.

Hayo yote yanakula stima, na stima nayo ina sauti yake. Washa amplifaya ya valvu, ongeza sauti, usiguse nyuzi. Utasikia mvumo. Sasa weka kidole kwenye freti ya tatu ya uzi mnene kabisa na uupige taratibu. Noti hiyo ni G, hezi 98. Mvumo wa amplifaya ni hezi 100, kwa kuwa stima ya Kenya ni ya hezi 50 na saketi ya kuinyoosha huizidisha mara mbili. Mpigaji wa Marekani, kwenye stima ya hezi 60, anavumiwa na hezi 120, katikati ya B-flati na B. Sisi tumepewa G iliyopanda kidogo. Ukipiga wimbo wa G mvumo unajificha ndani yake. Ukipiga wa A-flati, mvumo unagongana na besi, unasikia sauti ikitetema karibu mara nne kwa sekunde. Nakuru ni mahali pazuri pa kujifunza haya, maana sehemu kubwa ya stima ya nchi inatoka kaunti hii hii, kwenye mvuke wa Olkaria ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1981, na tangu 2023 Menengai nayo inachangia.

Kwenye karatasi ni voliti 240. Jioni mtaani, watu wakipika na kupiga pasi, zinashuka. Amplifaya ya valvu huonyesha mabadiliko hayo chini ya vidole: noti inachelewa kidogo kusimama, mkwaruzo unakuja mapema, sauti inalainika. Eddie Van Halen aliyatafuta hayo kwa makusudi. Aliiunganisha Marshall yake na transfoma ya kurekebisha voliti, akaishusha hadi karibu 90 kwenye nchi ya voliti 120, na albamu yake ya kwanza ya 1978 ina sauti hiyo. Sisi tunashushiwa bila kuomba, kwa kiasi tusichokichagua, na mitambo ya kidijitali ya raki haipati ulaini wowote humo. Inazima na kujiwasha upya katikati ya solo. Kabla ya pedali ya pili, nunua stabilaiza.

Na mitambo inayoletwa na jamaa kutoka Marekani, someni kibandiko cha nyuma. Nimefungua amplifaya iliyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu ilhali imeandikwa 120. Fyuzi ilikuwa imetoa utepe mweusi ndani ya kioo chake, na hilo halikuniogopesha. Kilichoniogopesha ni harufu ya vanishi iliyoungua kwenye transfoma, na karatasi za kuhami kati ya nyuzi za shaba zilizokuwa zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Hata ukitumia transfoma ya kushusha voliti, kibandiko kikisema hezi 60 peke yake, chuma cha ndani kitapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Kikisema 50/60, endelea. Pia hewa ya Nakuru, mita karibu 1,850 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa na hupoza kidogo kuliko ile. Acha nafasi tupu kati ya mitambo ndani ya raki, na feni zisafishwe vumbi.

Mtu akiona uzito wa haya yote atasema kuna njia fupi, na ni kweli. Tangu Line 6 ilipotoa POD mwaka 1998, mashine ndogo zimekuwa zikiiga amplifaya nzima pamoja na spika yake, na mashine za Fractal na Kemper zikaufikisha uigaji huo mahali ambapo wengi hawatofautishi. Siku hizi hata programu ya kompyuta inaweza kubeba kipimo cha kasha la Celestion lililorekodiwa na maikrofoni mbali huko. Kwa kijana wa Nakuru anayepiga roki kanisani Jumapili na kwenye tamasha Jumamosi, nadhani ndiyo njia bora, kwa sababu inarudisha ile spika ya kuchuja ndani ya miksa isiyo nayo. Wanamuziki wa Nairobi wameonyesha umbali wake: Duma, watu wawili, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, metali na kelele za kompyuta, bila ukuta wowote wa makasha nyuma yao. Sharti ni moja. Ukiigiza kasha kwenye mashine, usiipeleke sauti hiyo tena kwenye amplifaya yenye spika ya gitaa. Utakuwa umechuja mara mbili na gitaa litasikika limefunikwa blanketi.

Jambo la mwisho ni la uhai. Plagi zetu zina miguu mitatu, na mguu mrefu ni wa ardhi. Baadhi ya mafundi wa jukwaani huukata ule waya wa ardhi ili kuondoa mvumo unaotokea amplifaya na miksa zinapochomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Mvumo huondoka kweli. Lakini amplifaya ikiharibika ndani, nyuzi za gitaa zinaweza kubeba stima, na mpigaji anapoikaribia maikrofoni kwa midomo, anakuwa yeye ndiye waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Mei 1972, aliposhika maikrofoni. Mvumo huo ukatwe kwenye njia ya sauti, kwa kisanduku chenye transfoma kati ya amplifaya na miksa, au kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja yenye ardhi nzuri. Na msifungue amplifaya ya valvu kwa sababu tu imechomolewa: kapasita zake hubaki na voliti zaidi ya 400 kwa muda.

Nimeweka hapa mezani kasha moja lililofungwa na moja lililo wazi, spika ni za aina moja. Wenye magitaa wapite mbele, mmoja mmoja, na waje na nyaya zao wenyewe. Tutawasha stabilaiza kwanza, halafu mitambo ya raki, na amplifaya ya nguvu mwisho. Wakati wa kuzima tutaanza na hiyo hiyo ya nguvu.